Kuwasha Macho ya Yamil

Mlango wa Doña Eduvigis ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo wala mnyororo tangu Novemba, na lile lilikuwa jengo ambamo watu walikomea hata dirisha la choo. Kisa ni Yamil, mwanawe kitindamimba. Jioni moja alitoka kwenda kununua maziwa, akasahau funguo zake juu ya jokofu, na hakurudi. Siku ya tatu koti lake lilionekana limetundikwa kwenye ukingo wa daraja, pochi ikiwa mfukoni. Mwili haukupatikana. "Koti si mtu," mama yake aliwaambia polisi. Akalichukua, akalivisha kiti cha Yamil pale mezani, na kila jioni akawa anakiwekea kiti hicho sahani ya wali wa mbaazi. Mlango ukabaki wazi, maana mtoto hana funguo.

Wezi waliingia mara mbili. Mara ya kwanza walibeba televisheni. Mara ya pili hawakukuta cha kubeba, wakamsukuma bibi wa watu, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Plasta ilitolewa mwezi wa tano. Mlango bado ukawa wazi.

Nereida Colón aliyajua yote haya kwa sababu aliishi ghorofa ya pili, chini yake tu, na kila hatua iliyopanda zile ngazi aliisikia. Ndiyo maana Efraín, kaka yake Yamil, alipomfuata kwenye jiko la shule alikokuwa anaosha masufuria, akiwa na picha mkononi, hakuweza kumfukuza.

"Nichoree mdogo wangu," Efraín alisema.

Nereida akajifuta mikono kwenye aproni. "Mama yako kakutuma?"

"Mama hajui."

"Basi nenda urudi naye."

"Nere, hebu nisikilize kwanza, mbona una haraka? Nimemwekea kitasa kipya, kakifungua na kisu cha mezani. Nimelala pale wiki mbili, mke wangu kaninunia mpaka leo. Nimemwambia tuhamie kwangu, ananiuliza Yamil akija atamkuta nani. Wakiingia mara ya tatu wale watu watamuua. Lakini akimwona Yamil ukutani, ataelewa. Nani asiyeelewa?"

Hilo lilikuwa kweli. Katika mtaa ule wa wasema Kihispania huko Bronx, chini ya reli ya juu, uso wa mtu haukuchorwa ukutani akiwa hai. Ukuta ulikuwa wa marehemu. Mgombea udiwani mmoja, mgeni wa mambo, aliwahi kujichoresha pembeni mwa kituo cha mafuta ili apate kura. Mama yake mzazi alikuja asubuhi na ndoo ya chokaa, analia, akamfuta mwanawe mbele za watu. Kura zenyewe hakupata.

Nyuso za wafu wa mtaa zilikuwa kazi ya Nereida, na kufikia mwaka ule wa tisini na tatu alikuwa amechora ishirini na tatu. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kuandika bei za ndizi kwenye vioo vya maduka, akaja akaokota makopo ya rangi ya kupuliza yaliyotupwa na vijana, akajaribu uso wa binamu yake. Mdomo ulikwenda upande kiasi kwamba msiba mzima ulicheka na kulia kwa pamoja. Alirudia, akakosea, akarudia tena. Masharti yake aliyaweka mwenyewe, na mtaa ukayashika kama sheria. Mama wa marehemu ndiye anachagua picha. Na macho yanamaliziwa na nukta mbili nyeupe, ambazo Nereida anazitia kwa ncha ya kidole chake kidogo, mama akiwa amesimama pale na kusema, "Mwashe." Kabla ya neno hilo, uso ule si wa mtu yeyote na unaweza kufutwa bila kosa. Ukishawashwa, hata mhuni mwenye kichwa kibovu kuliko wote hathubutu kuugusa.

"Bila mama yako siwezi," alisema.

"Sawa. Nitamfuata yule jamaa wa ng'ambo ya barabara kuu. Anamaliza uso kwa saa tatu."

"Yule? Watu wake wote wanafanana kama mayai!"

"Basi Yamil atafanana nao. Nifanyeje?"

Hapo akawa amempata. Tusidanganyane: Nereida aliuhofia mlango ule, lakini kiburi nacho kilikuwepo. Alichukua picha.

Efraín alipanga mambo yake. Alimpeleka mama yake kwa dada wa huyo mama, mji wa Bridgeport, akamwapia kwamba yeye mwenyewe atalala pale nyumbani na mlango atauacha wazi. Bibi angerudi Jumamosi. Ukuta uliochaguliwa ulikuwa ubavu wa duka la Don Chuíto, ng'ambo ya barabara, unaotazamana moja kwa moja na dirisha la ghorofa ya tatu. Doña Eduvigis akifungua pazia asubuhi, angekutana nao.

Jumatatu, alipotoka kazini saa nane, Nereida alipaka ukuta rangi nyeupe kwa rola. Jumanne akachora miraba kwa chaki na kuuhamisha uso kutoka kwenye picha, mraba kwa mraba. Don Chuíto, ambaye siku hizi duka alimwachia mkwewe na yeye kazi yake ikawa dhumna, aliketi na wenzake kwenye meza ya barabarani na kusimamia kila kitu kama aliyelipwa.

"Pua hiyo umeitoa wapi, binti? Kwenye bei ya ndizi?"

"Cheza dhumna zako, Don Chuíto. Unaliwa."

"Siliwi. Nafikiri."

Lakini kila teksi iliyopunguza mwendo, mzee aliacha utani na Nereida akageuka kutazama nani anashuka. Alipulizia rangi kwenye kipande cha boksi ili apate ukingo mkali wa taya, akageuka. Akachora kivuli chini ya shingo, akageuka. Hakuwa amewahi kuchora na mgongo unaomwasha namna ile. Watu walianza kuleta mishumaa ya watakatifu kwenye bilauri na kuipanga chini ya ukuta, na kila mshumaa ulivyoongezeka ndivyo alivyojiona mwizi zaidi, mwizi wa tatu, aliyeingia kupitia mlango uleule.

Maana si mtu baki aliyekuwa anamfanyia hivi. Alipokuwa na miaka saba, mama yake alikuwa anamchapa kwa kuchorachora kuta za jikoni. Doña Eduvigis, ambaye wakati huo alikaa kwenye kaunta ya duka hilihili, alimwita akampa mifuko ya karatasi ya kaki, rundo zima, na penseli iliyotafunwa. "Chora hapa, mwanangu. Wakikuuliza, sema unanisaidia hesabu." Ishirini na tatu wote waliotazama kutoka kwenye kuta za mtaa ule, asili yao ni mifuko ile.

Alhamisi saa kumi na moja uso ulikuwa umekamilika, bado zile nukta mbili tu. Efraín alikuwa ameegesha lori lake la mikate na kuja kumshikia ngazi ya mbao. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama.

"Umempata, Nere," Efraín alisema kwa sauti ndogo. "Mwashe, tumalize."

"Nani ananiambia nimwashe? Wewe ni mama?"

"Mimi ni kaka."

"Sijauliza kaka."

Ndipo dhumna za Don Chuíto zikakoma kugonga meza.

Nereida aligeuka akiwa juu ya ngazi, akaona teksi imesimama na Doña Eduvigis anashuka, begi mkononi, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomwona wiki iliyopita. Aliutazama ukuta. Akatazama mishumaa. Kisha akavuka barabara bila kuangalia magari, na magari yakasimama yenyewe.

"Mama," Efraín alisema, "ulisema Jumamosi."

"Na wewe ulisema mlango uko wazi. Nimekuzaa mimi, Efraín. Unadhani kwenye simu sikusikii ukidanganya?" Akaweka begi chini. "Nani amekufa?"

Treni ikapita juu, ikatingisha bilauri za mishumaa, ikaenda zake.

"Nauliza. Watu wazima mmejaa hapa, mmewasha mishumaa. Nani amekufa?"

"Mama, ni miezi saba sasa."

"Hesabu ya miezi ninayo. Wewe, Nereida. Shuka."

Nereida alishuka.

"Umemwona maiti?"

"Hapana, Doña."

"Umemzika?"

"Hapana."

"Mimi nilikupa karatasi ukiwa mdogo hivi. Mama yako akikutafuta na mkanda, nilikuficha chini ya kaunta. Leo unaniulia mwanangu? Tena unasubiri nisafiri?"

Afadhali angempiga kofi. Nereida akainama, akachukua rola na debe la rangi nyeupe. "Hajawashwa," alisema. "Nitamfuta, Doña. Sema tu, namfuta sasa hivi, na sitashika kopo tena maishani mwangu."

Alichovya rola na kuinyanyua. Efraín akaudaka mpini.

"Humfuti!"

"Niachie, Efraín."

"Ukimfuta leo, mlango utabaki wazi. Na wakimuua mama yangu, utakuja kumchora na yeye? Hapahapa? Utaniambia nikuletee picha?"

Wakavutana. Rangi nyeupe ikawa inadondoka juu ya viatu vyao, na wanaume wawili wakasogea, hawajui washike nani. Don Chuíto alisema, "Jamani, jamani," na hakuna aliyemsikia. Efraín alikuwa na nguvu za kubeba makreti ya mikate tangu alfajiri, lakini Nereida alishikilia mpini kama mtu anayezama, na machozi yakamtoka kwa hasira, kwa aibu, kwa vyote.

"Nimekosa," alisema, akimtazama bibi na siyo Efraín. "Ningekuja kwako nikakuuliza, nikaogopa. Lakini na mimi niambie nifanyeje, Doña. Nalala chini yako. Mtu akipanda ngazi usiku, nakaa kitandani nahesabu hatua zake. Akipita mlango wangu kwenda juu, nasema huyo ndiye. Siku ile walipokusukuma nilisikia ulivyoanguka. Nilisikia, nikachelewa kupanda kwa sababu niliogopa. Miezi saba nasikiliza mlango wako. Nimechoka kukusikia unauawa kila usiku."

Mkono wa kulia wa Doña Eduvigis ulikwenda kwenye kifundo kile kilichovunjika, akakishika. Halafu akawapita wote wawili na rola yao, akausogelea ukuta mpaka ncha za viatu zikagusa mishumaa, akainua kichwa.

Akamtazama.

"Nyusi hii si yake," alisema.

"Nini, Doña?"

"Nyusi ya kushoto. Ilikatika katikati. Aliangukia bomba la kupasha joto nyumba ana miaka minne, nikambeba kwa miguu hadi hospitali. Picha hii kaileta nani?"

Nereida akamgeukia Efraín. Efraín akaachia mpini. "Ni ya kitambulisho cha kazini," alisema. "Waliisafisha safisha. Nilisahau kovu."

"Alisahau kovu," mama yake aliwaambia watu. Kisha kwa Nereida: "Unangoja nini?"

Nereida alipanda. Alitikisa kopo la kahawia, kagololi ka ndani kakagonga, na kwa mpulizo mmoja mwembamba akaikata nyusi. Alisikia mtu nyuma yake akishusha pumzi, maana pale pale uso ule uliacha kuwa wa kijana fulani na ukaanza kuwa wa Yamil.

"Sikio limekaa juu," Doña Eduvigis alisema.

Akalishusha.

"Na hayo meno yafunike. Yamil hakucheka na meno. Lile moja lilipanda juu ya mwenzake, akawa analificha na mdomo, hivi. Mnaona? Hivi." Akawaonyesha kwa mdomo wake mwenyewe, na wanawake wawili wakageukia pembeni kwa sababu walimwona Yamil pale pale, usoni mwa mama yake.

Akayafunika meno. Sasa Nereida alielewa kinachotendeka. Alielewa kwamba kila neno alilolitoa bibi lilikuwa linamgharimu, na kwamba hakuna mama anayetengeneza nyusi ya mtu anayemtarajia kwenye chakula cha jioni. Alitaka amwambie anyamaze. Alitaka aendelee. Akafanya alichoambiwa: kidevu kidogo, nywele za mbele, kivuli cha ndevu alizokuwa anasahau kunyoa. Don Chuíto alikuwa amevua kofia bila kujijua. Efraín alikaa juu ya kreti la maziwa, amejifunika uso.

"Anatazama wapi?"

"Mbele, Doña. Barabarani."

"Barabara ndiyo iliyomchukua. Ya nini kuitazama?" Alinyoosha mkono mbovu, akaelekeza juu, ng'ambo, ghorofa ya tatu, kwenye pazia la kijani. "Mgeuze atazame kule."

Kugeuza mboni si kazi ndogo. Ukikosea unywele mmoja mtu anakuwa kengeza milele. Nereida alifuta kidogo kidogo, akazisogeza, akashuka kutazama, akapanda tena. Jua lilikuwa limeanza kulala kwenye mapaa alipomaliza. Hakuna mtu aliyekuwa ameondoka.

Zikabaki zile nukta. Akapuliza rangi nyeupe kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akachovya kidole kidogo, akakileta hadi karibu na jicho la kushoto, akangoja. Rangi ilikuwa inakauka kidoleni. Treni ikaja, ikapita, na baada yake ikaja nyingine kutoka upande wa pili.

"Hana funguo," Doña Eduvigis alisema.

Hakuna aliyejua anamwambia nani.

"Zilikuwa juu ya jokofu. Sikuzisikia zikilia alipotoka. Nikasema moyoni, nimwite. Nikasema, ah, atabisha hodi." Akatazama dirisha lake, akatazama uso, kama anayepima umbali. "Mwashe."

Nereida akachovya tena kidole. Akatia nukta ya kushoto. Akatia ya kulia.

Watu hawakupiga makofi kama ilivyo desturi. Mtu mmoja alimwaga ramu chini, taratibu. Efraín alinyanyuka ili amshike mama yake, naye akamsukuma kwa kiganja, bila ukali, kama anavyosukumwa mtoto aliyemaliza zamu yake ya kubebwa. "Wewe nenda kwa mkeo," alimwambia. "Nereida atanibebea begi."

Walipanda pamoja, bibi mbele, ngazi kwa ngazi. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa umefungwa. Efraín aliufunga tangu Jumatatu. Doña Eduvigis akatoa ufunguo kwenye mkoba, akafungua, akachukua begi. Kupitia mlangoni Nereida aliona meza, kiti chenye koti, na kule mwisho lile pazia la kijani. Bibi alikwenda moja kwa moja, akalivuta pazia lote hadi mwisho. Akasimama dirishani kwa muda akitazamana na aliyekuwa ng'ambo. Kisha akaliondoa koti kwenye kiti, akalikumbatia, akarudi nalo mlangoni.

"Sasa angalau najua alipo," alisema. "Nenda kapumzike, mwanangu. Mikono yako imejaa rangi."

Mlango ukafungwa taratibu. Nereida hakuondoka. Alisimama kwenye ngazi, katikati ya ghorofa ya tatu na ya pili, akasikia ufunguo ukizunguka mara moja, ukazunguka mara ya pili, halafu mnyororo ukaingia mahali pake. Alikuwa ameingoja sauti hiyo miezi saba. Ilipokuja, alikaa chini palepale kwenye ngazi, akalia kama aliyefungiwa nje.